KAZI NA MAISHA: Komisioneri na Mtaa Wake

Jioni moja alinijia kijana niliyemfundisha miaka michache iliyopita. Alikuwa amemaliza shule na kukosa kazi, akakata shauri kuwa komisioneri, yaani mtu wa kati anayemtafutia mpangaji nyumba na mwenye nyumba mpangaji. Akanieleza mpango wake kwa furaha:

"Mwalimu, nitafanya kazi katika komini zote sita za Kisangani. Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, Kisangani na Lubunga; popote penye nyumba au paseli ya kuuzwa, mimi nipo."

Nikamwuliza: "Mdogo wangu, paseli ya tatu kutoka kwenu, ni ya nani?"

"Ni ya yule mama mwuza samaki, Mwalimu."

"Ni yake mwenyewe, au ni ya marehemu mumewe? Watoto wa marehemu ni wangapi, nao wamepatana?"

Akanyamaza. Nikamwambia: "Basi, kama hujui habari za paseli ya tatu kutoka kwenu, utajuaje za Lubunga, ng'ambo ya mto, ambako hufiki ila kwa chombo?"

Sikumwuliza hivyo kwa kumdhihaki. Nilikuwa nikimkumbuka mjane mmoja, jirani yangu, mwenye watoto wanne. Komisioneri aliyetoka komini nyingine alimwonyesha nyumba nzuri, akapokea malipo ya kutembeza na ya kazi yake, na mama akamlipa aliyejiita mwenye nyumba garanti ya miezi kadhaa. Mwezi wa pili akatokea ndugu wa huyo mwenye nyumba. Kumbe nyumba ilikuwa ya baba yao, nao walikuwa wakiigombania tangu kufa kwake. Mtaa mzima ulijua ugomvi ule, isipokuwa komisioneri. Mama akatolewa nje pamoja na vyombo vyake, na fedha yake haikurudi. Sidhani kwamba komisioneri yule alikuwa mwizi. Alikuwa mgeni wa mtaa tu. Lakini kwa mjane, hasara iliyoletwa na ujinga haina tofauti na ile iliyoletwa na wizi.

Ndiyo sababu namshauri kila kijana anayetaka kazi hii achague kwanza mtaa mmoja. Mshika mawili, moja humponyoka. Huko Marekani, mawakala wa nyumba huuita mtaa waliouchagua shamba lao, na kuutunza huko kuulima. Neno hilo twalielewa vizuri: mkulima hatupi mbegu njiani akipita, bali hurudi palepale, hupalilia, na husubiri.

Lakini mtaa huchaguliwaje? Wengi hukimbilia Makiso, kwa sababu ndiko kwenye maofisi, maduka makubwa na nyumba za zamani zenye kodi kubwa. Ni kweli kwamba nyumba moja ya huko yaweza kumpa komisioneri faida kuliko vyumba vingi vya Mangobo. Hata hivyo wenye nyumba hizo mara nyingi wana watu wao wa siku nyingi, na kijana asiyejulikana atakaa barazani akisubiri. Basi asiulize tu ni wapi penye fedha nyingi. Aulize pia ni nyumba ngapi hubadilisha watu kila mwaka, na ni wangapi wanaozigawana.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mtaa una paseli 300, na katika kila kumi, moja hupata mpangaji mpya kwa mwaka. Hizo ni nyumba 30. Kama makomisioneri watano wako huko tayari, nawe ukawa wa sita, fungu lako ni nyumba tano kwa mwaka mzima. Je, utakula nini miezi mingine? Lakini karibu na majengo ya Chuo Kikuu cha Kisangani, wanafunzi hutafuta vyumba kila mwaka wa masomo unapoanza. Chumba ni kidogo na malipo ni madogo, lakini wapangaji hawakosekani. Hesabu kama hiyo kila mtu aweza kuifanya kwa miguu yake, kwa kuuliza nyumba kwa nyumba.

Jambo la pili ni hati. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka kwamba udongo wote ni mali ya Dola. Mtu hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha uandikishaji kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Lakini wengi wetu tuna fishi ya paseli tu, iliyotoka komini, nao hudhani imetosha. Pembeni mwa mji wengine wana karatasi iliyotiwa sahihi na mzee wa ukoo mbele ya mashahidi, basi. Komisioneri aujue mtaa wake hata aweze kusema: paseli hii ina cheti, ile ina fishi, na ile nyingine ina maneno matupu. Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya ofisi tu. Mwaka 2023, ng'ambo ya mto, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliua watu na kuwafukuza wengi makwao, hata wakakimbilia mjini kwetu.

Jambo la tatu ni maji. Mji wetu umelala kati ya mto Kongo na mto Tshopo. Mwishoni mwa mwaka 2019 mto Kongo ulifurika, na tena mwishoni mwa mwaka 2023 hadi Januari 2024. Tena mvua huchimba makorongo yanayomeza njia na kuta. Anayezuru mtaa wakati wa kiangazi tu ataona nyumba kavu na kuisifu. Mwenyeji ajua maji yalifika dirisha gani.

La nne, uchague mtaa unaoweza kuuzunguka asubuhi moja kwa miguu, nawe usione haya kukutana kesho na mtu uliyempangisha leo. Kwangu mimi, hicho ndicho kipimo kilicho kikubwa kuliko vyote. Anayefanya kazi mbali na kwao hukimbia kosa lake kwa urahisi. Anayefanya kazi mtaani kwake hana pa kukimbilia, kwa hiyo hutazama vizuri kabla ya kusema.

Kijana wangu alisikiliza, akauliza: "Na nianzeje, Mwalimu?" Nikamwambia anunue daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila paseli ipate ukurasa wake: mwenyewe ni nani, warithi ni akina nani, hati ni ipi, maji hufika au hayafiki, kodi ni kiasi gani. Aende kumsalimu shefu wa mtaa, awasikilize wazee, na kwa miezi mitatu asiwe na haraka ya kupokea fedha ya mtu.

Amechagua mtaa wake wa Mangobo, ule aliozaliwa. Juzi alinionyesha daftari: kurasa 41 zimejaa. Ukurasa wa tatu ni wa yule mama mwuza samaki. Paseli ni ya marehemu, watoto ni watano, na wawili hawajakubali iuzwe. Pembeni ameandika: "Kungoja."

Nanyi wazazi mnaotafuta nyumba, kabla ya kutoa hata franga moja, mwulizeni komisioneri maneno matatu: Wewe wakaa wapi? Mwenye nyumba ana hati gani? Jirani zake wasemaje? Tena mkumbuke kwamba sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 haikubali garanti ya nyumba ya kukaa izidi kodi ya miezi mitatu. Akijibu vizuri, mfuateni. Akianza kuwahimiza mlipe upesi kabla mwingine hajaichukua, rudini nyumbani mkalale. Kesho yake, nendeni mkawaulize majirani.