MAKTABA NI MALI YA MFANYA KAZI



Wako wasemao kwamba maktaba ni ya wanafunzi na makarani, na kwamba mtu wa shifti hana haja nayo. Maneno haya huwafurahisha matajiri wabaya tu. Tajiri wa namna hiyo hamwogopi mfanya kazi mwenye kelele. Amwogopa yule aijuaye sheria.

Tutazame Sheria ya Kazi ya mwaka 2007. Yasema mfanya kazi apewe siku zisizopungua 21 za likizo yenye mshahara kila baada ya miezi 12 ya kazi mfululizo. Tena yasema tajiri akitaka kumfukuza mtu kwa kosa, sharti kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mwenzake, au mjumbe wa chama, wakati wa kusikizwa. Ni wangapi kati yetu waliosoma haya kwa macho yao? Wengi huyasikia wakiwa wamekwisha kufukuzwa.

Mtu atasema yote yamo katika simu. Ni kweli, lakini simu hutaka pesa za intaneti, na humo kweli na uongo hukaa pamoja. Maktabani yuko mkutubi wa kuulizwa, iko kamusi, na iko meza ya kukaa wanachama watatu wanne na kusaidiana Kiingereza kigumu cha sheria.

Wakoloni waliijua nguvu hiyo. Maktaba ya McMillan ilipofunguliwa Nairobi mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu peke yao, na kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Alifagia sakafu, lakini kitabu hakukifungua. Leo mlango huo ni wetu, na kuuacha bila kuingia ni kumaliza kazi ya waliotufungia.

Watu wa Kaloleni wana sababu zaidi. Katika ukumbi wa mtaa huo, tarehe 23 Aprili 1950, ndugu Makhan Singh wa vyama vya wafanya kazi alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, na mwezi uliofuata akakamatwa. Baadaye aliandika historia ya vyama vyetu mpaka mwaka 1952, kitabu kilichochapishwa mwaka 1969. Mwanachama asiyeweza kukinunua akiulizie maktabani. Na baada ya mapatano ya mwaka 2018 kati ya Kaunti ya Nairobi na shirika la Book Bunk, maktaba za Kaloleni na Makadara zilitengenezwa upya. Basi mambo yanawezekana.

Tusisahau jamaa zetu. Wengi wetu twakaa chumba kimoja, na humo ndimo jikoni na ndimo kulala. Mtoto wa mtihani atasomea wapi? Maktaba ndiyo sebule ya maskini.

Katiba ya mwaka 2010 imeziweka maktaba mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo twajua wa kumdai. Yafaa kila tawi limwendee mwakilishi wa wadi na kudai mambo matatu. Kwanza, maktaba ziwe wazi jioni na Jumamosi, kwa maana maktaba inayofungwa wakati mfanya kazi anapotoka kazini si yake. Pili, sheria za kazi ziwekwe humo, na maelezo yake kwa Kiswahili. Tatu, vitabu vifike karibu na viwanda. Mwaka 1996 Maktaba ya Taifa ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Ikiwa ngamia aliweza kupita mchangani, gari litashindwaje kufika Industrial Area?

Lakini kudai hakutoshi. Mlango ukifunguliwa na viti vikakaa vitupu, kaunti itasema hatuna haja. Kila mwanachama na ajiandikishe, aende na mtoto wake, na akirudi awasimulie wenziwe aliyoyasoma.

Umoja ni nguvu, na elimu ni silaha yake.