KIVUMBASI SI UCHAWI



Kila msimu wa mvua swali hili hunijia: "Mchungaji, nimeokoka. Kuweka kivumbasi nyumbani ni dhambi?"

Kivumbasi sote hapa Shanzu twakijua. Chaota chenyewe kando ya njia, ukikigusa tu mkono wanukia. Wazee wa Pwani wamekipiga nyungu, mwenye homa akajifunika shuka na kuvuta mvuke. Wametia matawi chumbani kufukuza mbu. Na wengine huamini harufu yake hufukuza majini.

Tutenganishe mambo.

Mmea ni wa Mungu, aliuumba siku ya tatu. Mungu alikwisha kuahidi kumponya Hezekia, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20:7). Nabii hakuona haya kutumia dawa ya mti.

Na mbu? Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa 2002 ulionyesha kuwa mmea wa jamii ya kivumbasi, ukiwa hai ndani ya chungu, ulifukuza mbu karibu 4 katika kila 10. Bibi zetu hawakukosea. Lakini 6 wamebaki, kwa hivyo lala ndani ya neti!

Majini ni habari nyingine. Hezekia huyo huyo alimvunja nyoka wa shaba wa Musa, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Nyoka yule alitoka kwa Mungu, ila watu walihamishia tumaini kwake. Kinachokulinda usiku ni Damu ya Yesu, si tawi mlangoni.

Mtoto akipata homa, usimweke kwenye nyungu ukangoja. Mpeleke apimwe malaria siku hiyo hiyo. Hata vidonge vya AL atakavyopewa vina dawa iliyotokana na mmea wa Uchina, artemisia. Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel 2015 kwa kuigundua. Mungu ni yule yule, wa shambani na wa zahanati.

La mwisho ndilo linaloniuma. Mama mzee akionekana akichuma majani jioni, tayari tumemwita mchawi. Wapendwa, kwa jirani zetu Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na tuhuma huanza kwa mnong'ono. Usitoke kinywani mwa mtu aliyeokoka. Mpitie mama huyo leo, umsalimie, umwulize anaumwa wapi.

Mungu awabariki. Kama umepokea, sema AMINA.