KIMYA CHA WANANCHI SI RIDHAA

Imekuwa desturi kwamba mkutano wa hadhara ukiisha makofi hupigwa, na jioni taarifa huandikwa kuwa wananchi wameafiki kwa kauli moja. Hatuna ugomvi na makofi. Lakini twauliza: wale walioinamisha vichwa kule nyuma, wao walisema nini?

Wahenga walinena: akufukuzaye hakwambii toka. Mwili wa mwanadamu una maneno yake, na kiongozi asiyeyajua hawezi kuwaongoza watu. Taabu ni kwamba maneno hayo si mamoja kwa watu wote. Huko Bulgaria, atikisaye kichwa kama tufanyavyo sisi tukikataa, yeye huwa amekubali. Uganda mtu huinua nyusi tu, nawe umekwisha jibiwa ndiyo. Mzee wa Kimasai akimtemea mtoto mate amembariki. Mtu wa pwani akitemewa mate ametukanwa. Na hii shikamoo yetu, tuitamkayo tukiwa tumesimama wima, asili yake ni kushika miguu ya mkubwa.

Tuitazame Ilongero, kaskazini ya mji wa Singida. Hiyo ni nchi ya Wanyaturu, nao wamepakana na Wanyiramba, na pia Wabarbaig, ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa. Watu hawa hukutana mnadani, zahanati na mbele ya meza ya karani. Kijana aliyelelewa vema hamkazii macho mkubwa wake, maana uso umeumbwa na haya. Wazungu waliotutawala walifunzwa kinyume: asiyekutazama machoni ana jambo analificha. Utawala wao ulikoma tarehe 9 Desemba 1961, lakini kipimo chao wako watumishi wanaokitumia hata leo. Mama akijibu huku akitazama chini, karani humwona mwongo. Mgonjwa akinyamaza, huambiwa ni mjinga. Hiyo ni kasumba, nayo humnyima mtu haki yake.

Jambo huzidi uzito likihusu ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka Halmashauri ya Kijiji ipate kwanza idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kabla ya kugawa ardhi, na mkutano huo ni wa wakazi wote waliofikia umri wa miaka 18. Sheria haikusema idhini ya wanaume wa mstari wa mbele, wala ya wenye sauti kubwa. Mwanamke aliyenyamaza kwa heshima mbele ya baba mkwe wake hakutoa shamba. Amenyamaza tu.

Wako watakaosema kwamba asiyesema na ajilaumu mwenyewe. Ni kweli kwamba mwanachama ana wajibu wa kusema, na adabu isiwe kichaka cha kufichia woga. Lakini aliyeshika kiti ndiye mwenye uwezo wa kuifungua au kuifunga midomo ya watu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba na kuwa na hisa katika makampuni. Lakini ubwana haukai katika mali peke yake. Hukaa pia katika kiti kilichoinuliwa juu ya wenzio walioketi chini, katika saa inayotazamwa mzee anaposema, na katika kidole kinachonyoshwa usoni pa mkulima. Kiongozi wa namna hiyo hata akisema "ndugu zangu" mara kumi, mwili wake umekwisha mkanusha.

Basi twashauri hivi. Mwenyekiti na ashuke, akae walipo watu. Awaulize wa nyuma kabla ya wa mbele, na awape kina mama zamu yao. Asiyekimudu Kiswahili aachwe aseme kwa lugha yake, mwenziwe amfasirie. Jambo likiwa zito, lisiamuliwe kwa makofi: mikono ihesabiwe, na pale watu wanapoogopana ipigwe kura ya siri. Na katibu aandike pia idadi ya waliokataa.

Kazi hiyo itachukua saa moja zaidi. Ugomvi wa shamba lililogawiwa juu ya vichwa vya walionyamaza huchukua miaka, na wakati mwingine huchukua roho za watu. Kiongozi wa wananchi na achague.