MZIGO NDIO UTAKAOSEMA KWELI

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Amri hiyo ilikwisha kufutwa zamani, na leo kompyuta si kitu cha wakubwa wa ofisini peke yao. Kijana mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala, mwalimu, karani wa ushirika, wote huja Kariakoo kutafuta mashine, na wengi hununua iliyokwisha kutumika kwa kuwa ndiyo wanayoimudu. Ni haki yao kupata kitu kizima kwa fedha waliyoitolea jasho. Je, haki hiyo wanaipata?

Natutazame kitu kimoja tu: pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa volti 230 na kuugeuza uwe wa volti 12, 5 na 3.3 unaotumiwa na kompyuta. Kikiwa dhaifu, mashine hujizima katikati ya kazi; kikiharibika vibaya, chaweza kuunguza vipuri vilivyo ghali kuliko chenyewe. Nacho huuzwa kwa kuaminiwa kibandiko: wati 500, wati 600. Huko ni kununua mbuzi ndani ya gunia.

Jaribio jepesi twalijua. Waya wa kijani huunganishwa na waya mweusi, feni ikazunguka, mita ikasoma 12, mnunuzi akalipa. Jaribio hilo halithibitishi ila kwamba kisanduku hakijafa. Hamali asiyebeba kitu hazijulikani nguvu zake. Mtwike gunia, ndipo utakapomjua.

Na mzigo huo si lazima uagizwe ng'ambo. Taa ya mbele ya gari, ya volti 12 na wati 55, huvuta ampea 4.6 hivi, taa nne zikiunganishwa sambamba zakaribia ampea 18, yaani wati 220. Yafaa ziwashwe moja baada ya nyingine, maana taa iliyo baridi huvuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo sana, na hata kisanduku kizima chaweza kujizima kwa kujihami. Kwa upande wa volti 5, rezista kubwa ya omu 1 huvuta ampea 5. Kisha mita isomwe hali mzigo umo: volti 12 isishuke chini ya 11.4, wala 5 chini ya 4.75, kwani kiasi kinachoruhusiwa ni asilimia 5, juu au chini. Kisanduku kilichoandikwa wati 500 kikashindwa na taa nne, ama ni kibovu, ama maandishi yake ni ya uongo.

Hatusemi kwamba kila mtu akifungue. Ndani yake mna umeme upitao volti 300, nao waweza kubaki hata waya ukichomolewa ukutani. Jaribio hufanywa kwa nyaya za nje tu. Tena taa na rezista huwa za moto mkali, na maduka yetu yamejaa maboksi. Meza ya kazi hiyo na iwe mbali nayo. Wala jaribio hili halimalizi yote, maana mita ya kawaida haioni mtikisiko wa haraka wa umeme. Hilo ni kazi ya osiloskopu, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam haiko mbali na Kariakoo. Mafundi wa mitaani na walimu wa taasisi hiyo wana mengi ya kupeana.

Wako watakaosema kwamba kupima kunachelewesha biashara. Twauliza: kinachochelewesha zaidi ni kipi, robo saa ya kupima, au mteja anayerudi kesho na ugomvi? Shirika la Viwango lilianzishwa mwaka 1975, na kazi yake ni kubwa, lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila mlango wa Msimbazi na Aggrey. Kwa hiyo mafundi na washirikiane, wawe na meza moja ya majaribio kwa kila mtaa, na bei ya kupima ijulikane kwa wote. Nawe mnunuzi, usitoe fedha yako kabla taa hazijawaka. Muuzaji mwaminifu hataona haya kuziwasha.