Adhabu Imfikie Mtoa Amri

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib, mjini Unguja, iliporomoka ikiwa katika matengenezo. Wafanyakazi wawili wakafariki dunia. Msiba ule utukumbushe hatari za ujenzi, hasa kazi za juu. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, lakini sheria isiyotekelezwa ni karatasi tupu. Mwajiri anayempandisha kibarua juu ya jukwaa bovu, bila ya mkanda, huona faini ndogo ni nafuu kuliko mbao mpya. Basi adhabu imuume mtoa amri, hata akijenga kwa niaba ya Serikali. Na mkaguzi afike kabla ya msiba. Wahenga walinena: mpanda ngazi hushuka. Haki ya mfanyakazi ni kushuka kwa miguu yake.