Eti "grisi yoyote"?

Mwandishi mmoja anamshauri mwenye gari wa Isangi asifungue kaliper nyumbani: abadilishe pedi tu, apake grisi yoyote, na breki zikizidi kugoma alipeleke gari Kisangani.

Yaani gari lisilosimama lifunge safari ili likafundishwe kusimama!

Na hizo pedi mpya? Hapa Lomami inapomwagikia mto Kongo, unyevu na tope havina likizo, na kutu huzila pini za kaliper. Pini ikikwama, pedi ya ndani husagika hadi chuma huku ya nje ikiwa bado nene. Mpya zitakwisha vilevile.

Kichekesho kikuu ni "grisi yoyote". Sili ya pistoni kwa kawaida ni mpira wa EPDM, na grisi ya petroli huuvimbisha. Sili hiyo haizuii mafuta tu: breki zikikanyagwa hujipinda, zikiachiwa hujinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma. Ikivimba, pistoni hung'ang'ania, pedi huburuta, diski huchemka. Pini zinataka grisi ya silikoni, si ya mnyororo wa baiskeli.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake; kaliper ifungwe kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta; pini zisuguliwe, zipakwe, zirudishwe; pedali ikanyagwe hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea. Sili ikiwa imechanika au pistoni imetobolewa na kutu, vipuri viagizwe Kisangani, vije kwa boti, na gari lisubiri uani.