Ploti si pensheni: Hesabu ngumu ya kustaafu mapema Machakos

WAULIZE wafanyakazi wa Machakos watajikimu vipi baada ya kuacha kazi, na wengi watakujibu kwa neno moja: ploti. Mwalimu ana kipande cha futi 50 kwa 100 eneo la Kyumbi. Karani wa kaunti analipia chake kule Joska kwa awamu. Dereva wa matatu za Nairobi amenunua karibu na Konza. Kila mmoja anatumaini kupumzika akiwa na miaka 50 wala si 60, na kila mmoja anaamini kwamba bei ya ardhi haishuki.

Jibu hilo linafaa kuchunguzwa sasa, kwa sababu makato ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF) yamekuwa yakipanda mwaka baada ya mwaka, na manung'uniko yamepanda pamoja nayo. Wengi wanauliza kwa nini serikali isiwaachie pesa zao wakanunue ardhi.

Ilikuwa Februari 2023 ambapo Mahakama ya Rufaa iliruhusu kutekelezwa kwa Sheria ya NSSF ya mwaka 2013, ambayo ilikuwa imekwama kwa kesi muda mrefu. Hadi wakati huo mfanyakazi alikatwa Sh200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza Sh200, awe anapokea mshahara wa Sh15,000 au wa Sh500,000. Chini ya sheria hiyo kila upande hutoa asilimia 6 ya mshahara, na ukomo wa mshahara unaokatwa hupanda kila Februari: Sh18,000 mwaka 2023, Sh36,000 mwaka 2024, Sh72,000 mwaka 2025, na Sh108,000 katika awamu ya nne ambayo ratiba ya sheria iliiweka Februari 2026.

Mfanyakazi ana haki ya kulalamika. Mshahara huo huo hutozwa ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 na bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75, kabla hajanunua unga.

Lakini tuitazame hesabu ya zamani bila hasira. Sh400 kwa mwezi ni Sh4,800 kwa mwaka. Kwa miaka 30 ya kazi, jumla ya michango hiyo, kabla ya faida, ni Sh144,000. Huyo ni mzee aliyefanya kazi tangu ujana wake na kuondoka na fedha zisizomtosha hata mwaka mmoja. Ndiyo maana kizazi kizima hakikuitegemea NSSF hata kidogo. Kilitegemea shamba, na kilikuwa na sababu.

Ukambani ina historia ya uwekezaji ambayo wachumi wameisoma kwa makini. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulifuatilia wilaya ya Machakos ya wakati huo, ikiwemo Makueni, kuanzia 1930 hadi 1990. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiona wilaya hiyo kuwa ardhi iliyokufa kwa mmomonyoko. Miaka 60 baadaye wakazi walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na milima iliyokuwa uchi ilikuwa imejaa matuta ya fanya juu, miembe, michungwa na kahawa.

Fedha za kazi hiyo zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa mishahara ya askari, polisi, makarani na mafundi waliofanya kazi Nairobi na Mombasa. Walituma pesa nyumbani, vikundi vya mwethya vikachimba matuta, na mwenye shamba alipostaafu alikuta mahali panapomlisha. Ile ilikuwa pensheni kamili ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Iliwekwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na ilizaa kila msimu bila mwenyewe kulazimika kuuza hata kipande kimoja.

Ploti ya leo ni kitu kingine. Haizai mahindi wala kodi ya nyumba. Inasubiri. Mwenye nayo anangoja barabara ipite, au stima ifike, au serikali itangaze mradi. Wapo walioneemeka kwa kungoja: serikali iliponunua ekari 5,000 za Malili mwaka 2009 kwa ajili ya mji wa teknolojia wa Konza, bei za ardhi jirani ziliruka. Wengine wanangoja hadi leo. Na kungoja si mapato. Mstaafu mwenye ploti tatu anaweza kuwa tajiri katika vitabu na kukosa nauli ya kwenda hospitali ya Level 5 mjini, kwa sababu ploti haiuzwi kwa vipande vya Sh500.

Hiyo ni shida ya ploti halali. Kuna mbaya zaidi.

Novemba 2011 nyumba za Syokimau zilibomolewa kwa madai kwamba zilijengwa kwenye ardhi ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Oktoba 2023 ikawa zamu ya Mavoko. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba ekari zipatazo 4,298 eneo la Athi River ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland, na si ya wale waliodai haki kupitia kikundi cha Aimi ma Lukenya, yaani wakulima wa Lukenya. Matingatinga yaliingia. Zilizoanguka hazikuwa vibanda vya mabati pekee. Nyumba za ghorofa zilianguka, pamoja na nyumba za mawe zenye vigae, majengo ambayo mtu huyajenga mara moja tu maishani, mara nyingi kwa mkopo wa Sacco au kiinua mgongo.

Tukumbuke maana ya hasara ile. Kijana wa miaka 28 anayetapeliwa ploti ataumia, kisha atafanya kazi miaka 30 zaidi. Mtu wa miaka 58 aliyetia kiinua mgongo chote katika nyumba moja hana tena muda wa kuanza upya. Pale Mavoko makazi na pensheni viliondoka kwa siku moja kwa sababu vilikuwa kitu kimoja. Ni jambo la kushangaza kwamba taifa lenye mamlaka ya kusimamia pensheni, mamlaka ya kusimamia masoko ya hisa na mamlaka ya kusimamia Sacco halina ulinzi wa maana kwa uwekezaji ambao wananchi wake wanaupenda kuliko wote. Karatasi ya ofisi ya ardhi bado si kinga ya kutosha, na mnunuzi hutambua hivyo akiwa amekwisha kujenga.

Sasa turudi kwenye ndoto ya kuacha kazi mapema, ambayo vijana wengi wa mjini wameipata kwa waandishi wa ng'ambo, hasa Marekani na Australia. Hesabu yao ni nyepesi. Kusanya mali inayofikia mara 25 ya matumizi yako ya mwaka, kisha utumie asilimia 4 kila mwaka. Kanuni hiyo inatokana na kazi ya mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, ya mwaka 1994, aliyopima kwa hisa na dhamana za serikali za nchi hiyo kwa mstaafu wa miaka 30. Hakuipima kwa Kenya, wala kwa mtu anayetaka kuishi miaka 40 bila mshahara.

Hata tukiikubali ilivyo, familia ya mjini Machakos inayotumia Sh40,000 kwa mwezi hutumia Sh480,000 kwa mwaka. Mara 25 ni Sh12 milioni.

Mfanyakazi wa mshahara wa Sh30,000, pamoja na mwajiri wake, huweka NSSF Sh3,600 kwa mwezi chini ya viwango vya 2025. Tuseme mchango huo haubadiliki kwa miaka 30 na unapata faida ya asilimia 10 kwa mwaka. Atakuwa na zaidi ya Sh8 milioni, na macho yatang'aa. Lakini mfumko wa bei ukiwa asilimia 6 kwa mwaka, fedha hizo zitanunua kile ambacho Sh1.4 milioni hununua leo. Ni karibu mara kumi ya kile kilichowekwa chini ya mpango wa zamani, nao haukuhesabiwa mfumko. Bado ni mbali mno na Sh12 milioni.

Mwaustralia anaanzia pengine. Tangu 1992 mwajiri wake amelazimika kisheria kumwekea akiba ya uzeeni, mwanzoni asilimia 3 ya mshahara, na tangu Julai 2025 asilimia 12. Fedha hizo kwa kawaida hazishikiki hadi afikishe miaka 60. Anayetaka kustaafu akiwa na miaka 50 hulazimika kuwa na mfuko wa pili, nje ya ule wa lazima, wa kumvusha miaka hiyo kumi. Kenya imelegeza zaidi: sheria ya NSSF inamruhusu anayestaafu kwa hiari akiwa na miaka 50 kudai malipo yake, na mtumishi wa umma pia anaweza kuomba kustaafu katika umri huo ingawa umri wa lazima ulipandishwa kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009. Sheria yetu imefungua mlango mapema. Ghala ndilo tupu.

Kwa hivyo swali kwa anayetaka kupumzika mapema ni mfuko huo wa pili, na kama unaweza kuzaa kama matuta ya zamani yalivyozaa.

Dhamana za serikali zinaweza. Tangu Benki Kuu ilipoanzisha mfumo wa DhowCSD mwaka 2023, mwananchi hununua kwa simu, kuanzia Sh50,000, bila kupanga foleni Nairobi. Dhamana ya miundomsingi ya Februari 2024 ilitoa riba ya asilimia 18.46 bila kodi. Aliyeweka Sh1 milioni alianza kupata Sh184,600 kwa mwaka, zaidi ya Sh15,000 kwa kila mwezi, huku akilala. Lakini asitokee mtu akuuzie kiwango kile kana kwamba ni cha kudumu. Serikali ilikuwa imebanwa na madeni mwaka ule, ikalipa ghali. Kufikia mwisho wa 2025 hati za siku 91, ambazo mwaka 2024 zilikuwa zimepita asilimia 15, zilikuwa chini ya asilimia 8.

Hisa nazo tulizikimbilia mwaka 2008, kwa hamaki. Zile za Safaricom ziliuzwa Sh5 kila moja, wananchi zaidi ya 800,000 wakaomba, wengi kwa mkopo wa benki, wakidhani zitapanda kama za KenGen mwaka 2006. Zilishuka chini ya Sh3 mwaka uliofuata, na waliokopa wakauza kwa hasara. Hisa hizo hizo zilipita Sh40 mwaka 2021. Aliyenunua kwa akiba yake mwenyewe na kuzisahau alivuna. Aliyenunua kwa deni alivunwa.

Kuhusu Sacco, Machakos haina haja ya kufundishwa. Vyama vya walimu, wafanyabiashara na wakulima wa kahawa vimesomesha watoto wa kaunti hii. Hata hivyo ukaguzi uliofichua kupotea kwa zaidi ya Sh13 bilioni katika KUSCCO, muungano wa Sacco za nchi nzima, uliwatia hofu hata waaminifu. Mwanachama anayepiga makofi gawio likitangazwa katika mkutano wa mwaka ana haki pia ya kuuliza akiba zake zimewekwa wapi.

Ardhi yenyewe haijafukuzwa katika orodha hii. Ploti yenye vyumba sita vya kupangisha karibu na Chuo Kikuu cha Machakos, au Mlolongo, inafanya kazi ile ile ya shamba la babu: inaleta kitu kila mwezi. Tatizo ni ile ya tatu na ya nne, zinazonunuliwa kwa mkopo ili zingoje, huku mnunuzi akiwa hana hata akiba ya miezi mitatu.

Yote haya ni mazungumzo ya wenye payslip. Wenye akiba yoyote ya uzeeni nchini ni takriban robo tu ya wafanyakazi. Mwendeshaji bodaboda wa Kathiani, mchota mchanga wa mito ya Masinga na mama muuza mboga wa soko la Marikiti mjini hawana mwajiri wa kuongeza chochote. Mpango wa Mbao, uliozinduliwa mwaka 2011 kwa ajili ya wanajuakali, uliwataka waweke Sh20 tu kwa siku. Wazo lilikuwa zuri. Lakini Sh20 kwa siku ni Sh7,300 kwa mwaka, na hata baada ya miaka 30 ni Sh219,000 kabla ya faida, wakati mtu huyo huyo hulipa ada za mikopo ya simu kila wiki bila kuzihesabu. Serikali inayochangia asilimia 15 kwa mtumishi wake katika mpango wa pensheni ulioanza Januari 2021 haijaona vyema kumwongezea mwanajuakali hata shilingi moja juu ya ishirini zake.

Kwake yeye msaada wa umma ni Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi, unaotolewa kwa wazee waliofikisha miaka 70. Anayechoka na pikipiki akiwa na 50 atakuwa na miaka 20 ya kungoja.